Bendi imepotea baada ya kuweka peptidi: je, kingamwili yangu imethibitika?

Swali la msomaji:

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu kipokezi cha estrojeni beta, protini ya kiini cha seli inayopokea homoni ya estrojeni, katika uvimbe wa saratani ya matiti. Nilinunua kingamwili poliklonali ya sungura pamoja na peptidi yake ya kuzuia. Kwenye westani bloti, yaani protini zilizotenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli na kuhamishiwa kwenye utando, napata bendi mbili, moja karibu na kilodaltoni 59 (kipimo cha uzito wa protini) na nyingine karibu na 48. Nikiichanganya kingamwili na peptidi kwanza, bendi zote mbili zinapotea. Kwenye tishu pia, rangi iliyokuwa kwenye viini vya seli inapotea kabisa. Msimamizi wangu ameridhika. Rafiki yangu aliyeko ng'ambo anasema huo si ushahidi. Nani yuko sahihi, na nifanye nini kwa vifaa tulivyo navyo?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Bendi zilikuwa mbili na zote zimepotea, ilhali protini unayoitafuta ni moja. Kama peptidi ingeweza kukuambia ipi ni ya kweli, ingefuta moja na kuiacha nyingine. Utaniambia kwamba huenda ile ya 48 ni umbo fupi la protini hiyohiyo. Huenda. Huenda vilevile ile ya 59 ndiyo isiyohusika, na ukubwa wake umelingana tu kwa bahati. Peptidi haina kauli katika shauri hilo.

Kwa hiyo rafiki yako yuko sahihi. Msimamizi wako naye hajapotea kabisa, kwa sababu jaribio ulilofanya lina kazi yake halali. Taabu huanza pale linapobebeshwa kazi isiyo yake. Hapo ndipo watu wengi wanaochunguza protini za kiini hupoteza miaka, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Peptidi ya kuzuia ni kipande kifupi cha protini kilichoundwa kwa kemia, kwa kawaida asidi amino 10 hadi 20, chenye mfuatano uleule aliochanjwa sungura. Njia ya kuiunda ni ile aliyoianzisha Bruce Merrifield mwaka 1963, ya kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine juu ya chembe za resini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1984. Kipande kidogo kiasi hicho hakiamshi vizuri kinga ya mnyama, kwa hiyo hupachikwa juu ya protini kubwa, mara nyingi hemosianini ya konokono wa baharini, kupitia sisteini iliyoongezwa upande mmoja. Sungura hutengeneza kingamwili dhidi ya vyote viwili, kisha mtengenezaji huzichuja na kubaki na zile zinazoshika peptidi. Ukiichanganya kingamwili hiyo na peptidi nyingi kabla ya kuimwaga juu ya utando, mikono yake miwili inakuwa imeshajaa. Inafika kwenye utando haina mkono wa kushikia kitu kingine.

Sasa mchukulie mlinzi wa shule aliyetumwa kumkamata mtoro mmoja, akapewa alama moja tu ya kumtambua: sweta ya kijani. Ukimrundikia sweta za kijani mikononi, hatamkamata mtoro, wala hatamkamata mtoto mwingine yeyote aliyevaa sweta ya rangi hiyo. Umethibitisha kwamba mlinzi anafuata sweta. Hujathibitisha kwamba yule aliyemleta ofisini jana ndiye mtoro.

Kinachopotea kwenye jaribio la peptidi, basi, ni kila kilichoshikwa na mikono ya kingamwili, kiwe cha haki au cha kufanana. Kinachobaki ni kile kilichonasa kwa njia nyingine: kwa mkia wa kingamwili, kwa mvutano wa chaji, kwa kingamwili ya pili iliyojishikiza ovyo, au kwa kingamwili nyingine zilizosalia kwenye seramu. Ndiyo sababu jaribio hili hukataa vizuri kuliko linavyokubali. Bendi ikigoma kupotea, una sababu nzito ya kuitilia shaka. Ikipotea, umejua tu kwamba imepita mlango wa kwanza.

Watu huona ajabu kwamba peptidi yenye mfuatano wa protini moja inaweza kufuta bendi ya protini nyingine kabisa. Tupige hesabu. Kingamwili inayoshika mfuatano ulionyooka haisomi asidi amino zote 15 za peptidi. Mara nyingi hutosheka na tano hadi nane. Chukua DO-1, kingamwili maarufu ya p53, protini inayozuia saratani. Protini ile ina asidi amino 393, lakini DO-1 inaitambua kwa sita tu, za 20 hadi 25: SDLWKL. Asidi amino ziko aina 20, hivyo maneno ya herufi tano yanayoweza kuandikwa kwa herufi hizo ni 3,200,000. Protini za binadamu, ukichukua moja kwa kila jeni, ni kama 20,000, na kwa wastani kila moja ina asidi amino mia tano na kitu. Hiyo ni mifuatano zaidi ya milioni 10. Kwa hiyo neno lolote la herufi tano linatarajiwa kujitokeza mara tatu hivi kwa bahati tu, kabla hujahesabu protini za ukoo mmoja ambazo zinafanana kwa nasaba. Neno likiwa la herufi sita, hesabu inashuka chini ya moja. Lakini kingamwili haidai kila herufi iwe sawasawa. Lisini ikikaa mahali pa ajinini, mara nyingi inavumilia. Na sungura wako hakutengeneza kingamwili moja. Ametengeneza mchanganyiko, kila moja ikishika neno lake ndani ya peptidi ileile. Peptidi moja inazifunga zote, na kila bendi iliyoletwa na yoyote kati yao inazimika.

Jambo hili si geni. Mwaka 2003 Clifford Saper na Paul Sawchenko waliliandika waziwazi katika tahariri ya jarida la Journal of Comparative Neurology: kuichanganya kingamwili na peptidi yake hakutoshi kuthibitisha kwamba imeshika protini inayodaiwa. Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha uthibitishaji wa kingamwili, kikiongozwa na Mathias Uhlén wa Sweden, kilitaja nguzo tano katika Nature Methods: kuondoa au kupunguza jeni, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti, kuizalisha protini ikiwa na alama, na kukamata protini kisha kuitambua kwa spektrometri ya masi, yaani kwa kupima uzito wa vipande vyake. Peptidi ya kuzuia haimo kati ya hizo tano.

Nije kwenye protini yako, maana hapa kuna habari lazima uijue kabla hujatumia shilingi nyingine. Kipokezi cha estrojeni beta kilitangazwa mwaka 1996 na maabara ya Jan-Åke Gustafsson katika Taasisi ya Karolinska, kikiwa kimepatikana kwenye tezi dume ya panya. Makala nyingi zikafuata zikieleza kiko wapi mwilini na kinafanya nini, saratani ya matiti ikiwemo. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden wakachapisha katika Nature Communications matokeo ya kupima kingamwili 13 za kipokezi hicho. Iliyofaulu kwa kazi ya kupaka rangi kwenye tishu ilikuwa moja tu, monoklonali (kingamwili ya aina moja, si mchanganyiko) iitwayo PPZ0506, tena ilikuwa haitumiki sana. Wakaitumia hiyo kuchunguza aina 44 za tishu zenye afya na 21 za saratani. Protini ilionekana kwenye korodani, kwenye ovari, kwenye seli za limfu, kwenye uvimbe wa seli za granulosa za ovari, na katika baadhi ya melanoma na saratani za thairoidi. Kwenye titi haikuonekana, si lenye afya wala lenye saratani.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho ukiwa na picha zako mkononi. Viini vyako vimepakwa rangi vizuri sana, katika tishu ambayo kwa kingamwili iliyofaulu haikuonyesha kitu. Sikuambii kwamba umekosea. Nakuambia kwamba mzigo wa ushahidi ulio nao ni mkubwa kuliko wa mtu anayetafuta protini ambayo haina mgogoro, na peptidi haiwezi kuubeba.

Niweke jambo moja wazi kwa ajili ya wasomaji wasio wa maabara: haya hayahusu kipimo cha kipokezi cha estrojeni ambacho hospitali hufanya kwa mgonjwa wa saratani ya matiti ili kuamua kama apewe tamoksifeni. Kile ni kipokezi alfa, protini nyingine ya jeni nyingine, na kingamwili zake zimepimwa kwa muda mrefu dhidi ya matokeo ya wagonjwa wenyewe. Mgonjwa asiache dawa kwa kusoma makala hii.

Kwa nini protini za kiini zinasumbua kuliko nyingine? Ya kwanza ni undugu. Binadamu ana vipokezi vya kiini 48 vya ukoo huu mmoja, na sehemu yao inayoshika DNA imehifadhiwa mno. Kati ya alfa na beta, sehemu hiyo inafanana kwa takriban asilimia 96. Peptidi iliyochukuliwa hapo itazaa kingamwili isiyojua kutofautisha ndugu hao wawili, na jaribio la kuzuia litaonekana safi kabisa. Sehemu ya mwanzo ya protini, upande wa amino, ndiyo inayotofautiana zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni hili: peptidi imetoka asidi amino ya ngapi hadi ya ngapi? Akijibu kwamba ni siri ya biashara, nunua kwa mwingine. Kingamwili ya utafiti ambayo haijulikani mnyama wake alichanjwa peptidi gani haifai kusimamia tasnifu.

Ya pili ni chaji. Kiini kimejaa DNA yenye chaji hasi na histoni, protini ambazo DNA huzizunguka, zenye chaji chanya, kwa hiyo chochote chenye chaji hunata humo kwa urahisi. Protini nyingi za kiini zina kipande cha kuziingiza kiinini kilichojaa lisini na ajinini. Kile cha antijeni kubwa T ya virusi SV40 ni PKKKRKV, asidi amino saba na tano kati yake zina chaji chanya. Peptidi ya kuzuia iliyochongwa karibu na kipande kama hicho inaweza yenyewe kunata kwenye DNA ya tishu huku imeibeba kingamwili mgongoni. Hapo utaona kinyume cha ulichotarajia: rangi kiinini inaongezeka badala ya kupungua. Wengine wakiona hivyo hudhani wamebadilisha mirija. Kabla ya kurudia kila kitu, hesabu chaji ya peptidi yako. Isitoshe, sungura wengine huwa na kingamwili zinazopaka kiini hata kabla ya kuchanjwa. Seramu iliyochukuliwa kabla ya chanjo ndiyo huonyesha hilo. Kama muuzaji anayo, iombe.

Ya tatu ni namna ya kuzitoa. Protini iliyokumbatia kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake, haitoki kwa sabuni laini. Unavunja seli, unazungusha, unatupa mashapo, na protini yako imeenda na mashapo. Bendi uliyobaki nayo juu ni ya kitu kingine kilichotoka saitoplazimu. Tenga kiini na saitoplazimu uvipime kando, ukiwa na lamini B1 au histoni H3 kama shahidi wa kiini, na tubulini kama shahidi wa saitoplazimu. Sehemu ya kiini itakuwa na uteute wa DNA. Ivunje kwa mawimbi ya sauti au kwa kimeng'enya cha kukata DNA, vinginevyo visima vya jeli vitajaa vibaya na bendi zitavutana. Bendi yako ya 48 ikiwa yote iko saitoplazimu na ile ya 59 yote kiinini, utakuwa umejifunza jambo ambalo peptidi haikukuambia.

Usije ukaitupa peptidi, hata hivyo. Ipo kazi moja ya kiini ambayo sioni mbadala wake: alama zinazopachikwa juu ya histoni. Mkia wa histoni H3 unaanza ARTKQTARKSTGG na kuendelea. Lisini ya 9 iko ndani ya neno ARKS. Ukisonga mbele hadi lisini ya 27, unakuta KAARKSAPAT: ARKS ileile tena. Lisini zote mbili zinaweza kupewa vikundi vitatu vya methili, na kazi zake ni tofauti. Ya 9 hupatikana sana kwenye kromatini iliyofungwa kwa kudumu, ya 27 kwenye jeni zilizonyamazishwa na kundi la protini liitwalo Polikombi. Kingamwili ya moja kushika nyingine ni hatari ya kila siku. Na hapa njia ya kuondoa jeni haikusaidii, kwa kuwa binadamu ana zaidi ya nakala kumi za jeni za H3, na seli isiyo na H3 haiishi. Hata ungeweza, ungeondoa lisini zote mbili kwa pamoja. Peptidi ndiyo inayojua kuuliza swali lenyewe. Unaweka kingamwili katika mirija kadhaa: mmoja una peptidi ya lisini 9 yenye methili tatu, mwingine lisini 9 yenye methili mbili, mwingine lisini 9 tupu, mwingine lisini 27 yenye methili tatu. Kingamwili nzuri inazimwa na wa kwanza tu. Ikizimwa na wa 27 pia, usiipeleke mbele.

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa modENCODE walichapisha tathmini ya kingamwili zaidi ya 200 za alama za histoni: zaidi ya robo hazikufaulu kipimo cha umahususi kwa bloti, na kati ya zilizofaulu, zaidi ya asilimia 20 zilishindwa kufanya kazi ya kukamata kromatini. Zilikuwa bidhaa za dukani, zenye lebo nzuri. Ongeza na hili: jirani hubadilisha mambo. Serini ya 10 ikitiwa fosfati, kingamwili nyingi za lisini 9 haziioni tena, ingawa methili zipo palepale. Ukipima seli zinazogawanyika utadhani methili zimeondolewa.

Mantiki hiyohiyo inafaa kwa kingamwili za fosfati. Kwa p53 iliyotiwa fosfati kwenye serini ya 15, peptidi EPPLSQETF yenye fosfati izime, na ileile isiyo na fosfati isizime. Jozi hiyo inakupa ushahidi wa alama. Ushahidi wa protini bado utautafuta kwingine.

Sasa utendaji, kwa kuwa jaribio hili mara nyingi hufanywa ovyo. Anza kwa kutafuta kiwango cha chini cha kingamwili kinachotoa bendi ya wastani. Ukitumia kingamwili nyingi mno, hata peptidi ikifunga sehemu kubwa, iliyosalia itawaka na utasema haikuzuia. Kisha hesabu kwa moli, usihesabu kwa uzito peke yake. Mikrogramu 1 ya IgG, aina ya kawaida ya kingamwili, yenye kilodaltoni 150, ni pikomoli 6.7, sawa na mikono 13. Peptidi ya asidi amino 15 ina uzito wa daltoni 1,700 hivi, kwa hiyo mikrogramu 5 zake ni pikomoli 2,900. Kila mkono una peptidi zaidi ya 200 za kuushika. Hata ukikumbuka kwamba unga mkavu wa peptidi una chumvi na maji ndani yake, na peptidi halisi inaweza kuwa asilimia 70 tu, bado ni nyingi. Kwa hiyo ule uwiano wa mara tano kwa uzito unatosha kwa kingamwili iliyosafishwa. Kurundika mara mia hakukupi ushahidi zaidi, na kwa peptidi yenye chaji kali kunakuletea kunata. Lakini ukizuia kwa protini nzima ya kilodaltoni 50, mikrogramu 5 ni pikomoli 100 tu, na uwiano unashuka hadi nane kwa kila mkono.

Andaa mirija mitatu, siyo miwili. Wa kwanza una kingamwili na kimiminika kilichoyeyushia peptidi, bila peptidi. Wa pili una peptidi yake. Wa tatu una peptidi nyingine isiyohusika yenye urefu na chaji zinazokaribiana, au bora zaidi peptidi yenye asidi amino zilezile zilizochanganywa mpangilio. Mrija huu wa tatu ndio unaorukwa na karibu kila mtu, na ndio unaokuambia kama kuzimika kumetokana na mfuatano au na kuwepo kwa peptidi yoyote. Acha mirija nusu saa kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4 ikizungushwa polepole. Izungushe kwa kasi kwenye sentrifuji dakika 10 ili mabonge yashuke, ndipo utumie maji ya juu. Utando ukatwe kutoka jeli moja, sampuli ileile, kiasi kilekile cha protini, na vipande vyote vipigwe picha kwa pamoja kwa muda mmoja wa mwanga. Ukiiachia mashine ichague muda wa kila kipande peke yake, umeharibu ulinganisho. Kipande kilichozimwa kisha ukipime tena kwa lamini B1, uonyeshe kwamba protini zilikuwemo. Na uchapishe utando mzima. Usikate picha ikabaki bendi moja.

Kwenye tishu mantiki ni hiyohiyo kwa vipande vinavyofuatana vya bloku moja. Fahamu tu kwamba fomalini hufunga lisini, na kwamba kuchemsha kwenye bafa ya sitrati hufungua baadhi ya maeneo na mengine hapana. Kingamwili iliyothibitika kwenye bloti, ambako protini imekunjuliwa, haijathibitika kwenye tishu kwa sababu hiyo pekee. Kila matumizi yana uthibitisho wake.

Vipi bendi isipozimika? Usikimbilie kuilaumu kingamwili. Huenda peptidi uliyouziwa imetoka jirani tu na sehemu aliyochanjwa mnyama. Huenda sisteini ya mwishoni imeoksidika na peptidi zimeungana mbilimbili. Huenda kingamwili ni monoklonali inayotaka umbo la protini iliyojikunja, na kipande kilichonyooka haikijui. Jaribu kudondosha peptidi yenyewe kwenye utando na kuona kama kingamwili inaishika. Ni kazi ya mchana mmoja.

Sasa kwako, kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya kwetu. Najua kwa nini peptidi inavutia: ikiwa unga mkavu inavumilia safari ndefu na kukaa forodhani, wakati kingamwili inahitaji ubaridi na seli zilizohaririwa kwa CRISPR zinahitaji naitrojeni ya maji. Lakini yapo mambo unayoweza kuyafanya bila CRISPR.

Anza na RNA. Jeni ya kipokezi beta ni ESR2. Kama chuo chako kina mashine ya PCR ya kupima kiasi, tengeneza viasili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo) vinavyovuka mpaka wa eksoni mbili, yaani sehemu za jeni zinazobaki kwenye RNA, na upime uvimbe uleule uliotoa bendi. Sampuli yenye bendi nene isiyo na RNA ya ESR2 inakuambia bendi ni ya mtu mwingine. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa moja ya kingamwili.

Pili, tafuta tishu ya kweli ya kulinganishia. Korodani inayo protini hii, na hospitali zetu nyingi zina bloku za korodani kwenye hifadhi zao za patholojia, kwa sababu wagonjwa wa saratani ya tezi dume bado hutibiwa kwa kuondolewa korodani. Omba kibali cha maadili na umwone mtaalamu wa patholojia. Kingamwili yako ikipaka kila kiini kwenye titi na kila kiini kwenye korodani bila kuchagua, una jibu.

Tatu, seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, ukiziingizia plasmidi (duara la DNA) ya ESR2 zitatengeneza protini kamili ya asidi amino 530, na utaona kwa macho yako inakaa wapi kwenye jeli yako wewe, kwa ngazi ya vipimo yako wewe. Weka pembeni seli zilezile zisizopewa plasmidi. Tahadhari moja: protini ikizalishwa kwa wingi, hata kingamwili mbovu inaonekana nzuri, kwa kuwa shabaha imeizidi kelele. Izimue sampuli ya plasmidi mpaka bendi ifanane unene na ile ya tishu zako, ndipo utazame bendi nyingine kwenye safu ya jeli yenye seli zisizo na plasmidi. Hapo ndipo ukweli unapoonekana.

Nne, nunua kiasi kidogo cha PPZ0506 na uipitishe kwenye bloku zilezile. Tano, kama unajua maabara yenye spektrometa ya masi itakayokubali ushirikiano, kamata protini kwa kingamwili yako, kata bendi zote mbili, uzitume. Hii ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kukupa jina la kile ulichokishika.

Ukishindwa kuyafanya yote, fanya la RNA na la korodani, na uandike kwa ukweli. Badala ya kuandika kwamba kingamwili ni mahususi kwa kipokezi beta kwa kuwa peptidi ilizuia, andika kwamba bendi za 59 na 48 zote zilizimwa na peptidi, kwamba hilo linaonyesha ushikaji wa mikono ya kingamwili bila kutambua protini, kisha uweke matokeo ya RNA na ya tishu za kulinganishia. Taja mfuatano wa peptidi, uwiano wa moli, namba ya bidhaa na namba ya toleo la chupa, maana poliklonali ya sungura wa leo si ya sungura wa mwakani. Mpelekee msimamizi wako makala ile ya 2017 pamoja na picha zako, mkae pamoja muamue kama swali la tasnifu libaki kwenye titi au lihamie kwenye tishu ambayo protini hii inaonekana kweli. Mwaka wa pili bado kuna nafasi ya kuhama.